Kishindo Chini ya Sakafu: Sauti za Ndege kwa Msafiri wa Ngara na Biharamulo

Msafiri wa Ngara au Biharamulo anayekwenda Dar es Salaam kwa ndege kwa kawaida huanza safari yake barabarani, kwa kuwa viwanja vinavyotegemewa na mashirika makubwa ya ndege viko nje ya wilaya hizo mbili. Bukoba iko kaskazini, kwenye ufuo wa Ziwa Victoria. Uwanja wa Chato uko mashariki, katika eneo lililokuwa sehemu ya Wilaya ya Biharamulo hadi 2005. Mwanza iko mbali zaidi, ingawa tangu Juni 2025 magari huvuka ghuba kwa daraja la Kigongo–Busisi badala ya kupanga foleni ya kivuko. Mkazi wa Rusumo anaweza hata kuona kwamba uwanja wa Kigali ndio ulio karibu naye kuliko vyote. Uchaguzi wa kiwanja si suala la nauli na umbali pekee, maana ndio unaoamua aina ya ndege atakayopanda mtu, na aina ya ndege ndiyo inayoamua masikio yake yatasikia nini na mwili wake utahisi nini tangu mlango unapofungwa hadi unapofunguliwa tena.

Njia ya kurukia ndege ya Bukoba ina urefu unaokaribia kilomita moja na nusu tu, na upande mmoja huishia karibu na maji ya ziwa. Urefu huo hauzitoshi jeti kubwa, ndiyo maana uwanja huo umezoea ndege za pangaboi, yaani zile zinazovutwa na rafadha zinazozunguka mbele ya injini: ATR 42 na ATR 72 za Precision Air, pamoja na Dash 8 Q400 za Air Tanzania. Mwanza, yenye njia ndefu, hupokea pia jeti kama Airbus A220. Kwa hiyo abiria wa Kagera, ambaye pengine anapanda ndege kwa mara ya kwanza maishani, huangukia ndege zenye sauti nyingi zaidi, zinazoruka chini zaidi na kutua kwa breki kali zaidi kuliko zile anazopanda mtu wa Dar es Salaam anayekwenda Dubai.

Juu ya hayo kuna kumbukumbu ambayo haiwezi kupitwa kimya. Asubuhi ya tarehe 6 Novemba 2022, ATR 42 ya Precision Air iliyotoka Dar es Salaam ilitumbukia ziwani ilipokuwa ikijaribu kutua Bukoba katika hali mbaya ya hewa. Kati ya watu 43 waliokuwamo, 19 walifariki na 24 waliokoka, huku wavuvi wa eneo hilo wakiwa miongoni mwa watu wa kwanza kuifikia ndege hiyo. Tangu siku hiyo, mngurumo wowote unaobadilika juu ya ziwa husikilizwa kwa hofu ambayo zamani haikuwapo, na hofu hiyo haistahili kuchekwa wala kudharauliwa. Inachostahili ni kupewa maelezo, kwa sababu sehemu kubwa ya yale yanayomshtua abiria ni sauti za vifaa vinavyotimiza kazi yake, na kwa sababu mwili wa binadamu, ulioumbwa kutembea ardhini, ni shahidi asiyeaminika wa mambo ya angani.

Sauti ya kwanza ya kutatanisha huja hata kabla abiria hajaketi. Anayepanda ATR huingia kwa mlango wa nyuma, upande wa kushoto, na mara nyingi husikia injini ya kulia ikilia kwa ukali ilhali pangaboi lake limesimama tuli. Ndege nyingi za abiria zina injini ndogo ya ziada mkiani ambayo kazi yake ni kutoa umeme na hewa ya kiyoyozi ndege ikiwa imeegeshwa. ATR haina injini hiyo, kwa hiyo waundaji wake waliamua kuitumia injini ya kulia kwa kazi hiyohiyo, pangaboi likiwa limeshikwa na breki maalumu ili lisimdhuru mtu aliye nje. Breki inapoachiwa, pangaboi huanza kuzunguka, na mlio mwembamba hugeuka kuwa mngurumo mzito unaotikisa viti. Hakuna kilichokuwa kimekwama, wala hakuna kilichonasuliwa.

Wakati huohuo, katika hewa yenye unyevu mwingi kama ya Bukoba, ambako mvua hufikia takriban milimita 2,000 kwa mwaka, ukungu mweupe unaweza kuanza kumiminika kutoka kwenye matundu ya kiyoyozi juu ya vichwa vya abiria. Wapo wanaodhani ni moshi, na dhana hiyo inaeleweka. Kumbe ni mvuke wa maji uliogeuka matone madogo mno baada ya hewa yenye joto na unyevu kukutana na hewa baridi ya kiyoyozi; hauna harufu, hauwashi macho, na hupotea kabla haujafika sakafuni. Moshi wa kweli hujulikana kwa harufu yake.

Kwa wale wanaopandia jeti Mwanza, sauti za awali ni nyingine. Ndege za Airbus A319 zilizoanza kupaa kati ya Dar es Salaam na Mwanza chini ya shirika la fastjet mwezi Novemba 2012 ziliwazoesha watu wa Kanda ya Ziwa mlio wa ajabu utokao chini ya sakafu, unaokuja kwa vipindi, ambao wasafiri wa nchi nyingi wameufananisha na kubweka kwa mbwa. Mlio huo hutoka kwenye pampu ya mfumo wa haidroli, yaani mfumo wa mafuta yaliyobanwa kwa nguvu nyingi ambayo husukuma breki, magurudumu na vibao vya mabawa. Ndege hiyo ina mifumo kadhaa ya namna hiyo, na mmoja unapokuwa na nguvu kidogo kuliko mwingine, hasa injini moja inapokuwa imewashwa na nyingine bado, pampu hiyo huanza kuhamisha nguvu kutoka upande mmoja kwenda mwingine, kisha husita, kisha huanza tena.

Ndege inapokaa sawa mwanzoni mwa njia na rubani kuongeza nguvu, abiria wa pangaboi huusikia mvumo kifuani kabla ya masikioni, na jambo hili lina hesabu yake. Pangaboi la Q400 lina panga sita na huzunguka mara 1,020 kwa dakika wakati wa kuruka, maana yake hewa iliyo kando ya ukuta wa ndege hupigwa mara 102 kila sekunde. Mapigo hayo ndiyo mvumo wenyewe. Ndege ikishapaa, kasi ya pangaboi hupunguzwa hadi 900, na ikishafika juu hupunguzwa tena hadi 850, yaani mapigo 85 kwa sekunde, kwa hiyo sauti hushuka kama vile mtu anavyoshusha sauti ya kuimba kutoka juu kwenda chini. Anayeketi karibu na mstari wa mapangaboi huyapata mapigo hayo kwa ukali zaidi kuliko anayeketi nyuma. Herufi Q katika jina la ndege hiyo ilitokana na neno la Kiingereza lenye maana ya utulivu, kwa kuwa ukuta wake umefungwa vifaa vinavyosikiliza mtikisiko wa mapangaboi na kutoa mtikisiko wa kinyume ili kuupunguza. Mtu aliyewahi kupanda ndege za pangaboi za zamani huitambua tofauti, ingawa mgeni anaweza kushangaa kuambiwa kwamba hiyo ndiyo ndege tulivu.

Kuna mlio mwingine wa pangaboi unaowasumbua watu zaidi ya huo, nao ni mvumo unaopanda na kushuka kwa utaratibu, wuu, wuu, wuu, utadhani injini inachoka na kujikaza upya. Injini haichoki. Mapangaboi mawili yanapozunguka kwa kasi zinazokaribiana bila kulingana kabisa, mapigo yake hukutana na kuimarishana, kisha hupishana na kudhoofishana. Pangaboi moja likitoa mapigo 85 kwa sekunde na jingine 86, sikio litasikia mvumo ukivimba na kunywea mara moja kila sekunde. Kifaa maalumu huyalinganisha mapangaboi hayo ili mvumo utulie, lakini kila rubani anapobadilisha nguvu ya injini hulazimika kuanza kuyalinganisha upya, ndiyo sababu mvumo huo husikika zaidi baada ya kupaa na kabla ya kushuka.

Sekunde chache baada ya magurudumu kuacha ardhi, kishindo husikika chini. Magurudumu yanakunjwa, na milango yake inafungwa. Katika Q400 miguu ya magurudumu makuu ni mirefu na hukunjwa kuelekea nyuma, ikaingia ndani ya kibanda cha injini chini ya bawa. Na kwa kuwa bawa liko juu ya madirisha, abiria aliyeketi mahali panapofaa anaweza kuona kwa macho yake gurudumu likiinuka, likimezwa, na milango miwili midogo ikifunga nyuma yake. Katika ATR magurudumu huingia kwenye uvimbe ulio ubavuni chini ya tumbo la ndege, kwa hiyo anayeketi katikati hukisikia kishindo hicho kwenye nyayo zake. Aliyetazama tendo hilo mara moja hashtuki tena, na kwa msingi huo kiti cha dirishani kinamfaa mtu mwoga kuliko kile cha ujiani ambacho wengi hukikimbilia.

Kinachofuata ndicho kinachowatisha watu wengi zaidi, nacho huanza kwa kimya. Ndege ikifika mita 300 hadi 500 hivi juu ya ardhi, rubani hupunguza nguvu ya injini kutoka ile ya kurukia kwenda ile ya kupandia, na mara nyingi huinamisha pua kidogo ili kuongeza mwendo. Mngurumo hufifia ghafla, tumbo huhisi limeachwa juu, na mtu aliyeketi huamini kwa moyo wote kwamba ndege inaanguka, au kwamba injini imezimika. Ukweli ni kwamba ndege bado inapanda, ila inapanda taratibu zaidi.

Ili kuelewa kosa hilo la mwili inabidi kuingia ndani ya sikio. Mbali na kusikia, sikio la ndani lina kazi ya kupima mwendo na mwelekeo wa kichwa. Lina vifuko viwili ambamo chembe ndogo mno za chokaa zimelala juu ya vinyweleo laini. Mtu akiinamisha kichwa, chembe huteleza kwa uzito wake na vinyweleo hupeleka habari kwenye ubongo. Tatizo ni kwamba chembe hizo huteleza nyuma vilevile mtu anapokuwa kwenye chombo kinachoongeza kasi, na ubongo hauna njia ya kutofautisha mambo hayo mawili bila msaada wa macho. Kwa hiyo ndege inapoongeza kasi kwenye njia ya kurukia, abiria huhisi amelazwa chali kuliko hali halisi; na kasi hiyo inapoacha kuongezeka, huhisi amesukumwa kichwa chini. Anayetazama upeo wa dunia dirishani, mahali mbingu inapokutana na ziwa, husahihishwa na macho yake, lakini anayefumba macho kwa hofu amejinyima shahidi pekee aliyekuwa na habari za kweli.

Sikio la ndani lina pia mifereji mitatu iliyopinda, yenye majimaji ndani yake, ambayo kazi yake ni kuhisi mzunguko. Ndege ikianza kupinda, majimaji hayo hubaki nyuma na mtu huhisi kugeuka. Ila kupinda huko kukiendelea kwa nusu dakika bila kubadilika, majimaji huenda sawa na mifereji na mtu huhisi amekaa wima kabisa. Ndege inaponyooka, ndipo anapohisi inapinda upande mwingine. Ndani ya wingu, ambako hakuna upeo wa kutazama, udanganyifu huu humpata kila binadamu, rubani akiwemo, ndiyo maana marubani hufunzwa kwa miezi mingi kuamini vipimo vilivyo mbele yao na kuukataa ushahidi wa miili yao.

Hewa ya juu ya Ziwa Victoria ina tabia zake, na ni vyema zikajulikana na wale wanaoipitia. Mchana ardhi hupata joto haraka kuliko maji, kwa hiyo upepo huvuma kutoka ziwani kuelekea nchi kavu, na mawingu ya mvua hukua alasiri juu ya maeneo kama Biharamulo na Muleba. Usiku mambo hugeuka: ardhi hupoa, maji hubaki na joto, upepo huvuma kutoka pande zote za nchi kavu kuelekea ziwani, na hewa hiyo inapokutana katikati haina pa kwenda ila juu, ikajenga mawingu makubwa ya radi. Ziwa hilo ni miongoni mwa maeneo yenye radi nyingi duniani, na pepo zitokazo mashariki huzisukuma dhoruba hizo upande wa magharibi, ambako ndiko Bukoba iliko. Ndege ya asubuhi huweza kukuta mabaki ya dhoruba ya usiku hayajaisha, na hapo rubani, akisoma rada ya hali ya hewa iliyo kwenye pua ya ndege, huzunguka wingu badala ya kulipasua. Abiria anayeona ndege ikipinda huku na huku juu ya maji anashuhudia tahadhari ikitekelezwa.

Hata pasipo wingu, ndege inapovuka ufuo hutikisika, kwa kuwa hewa ya juu ya maji na ile ya juu ya ardhi hazina joto moja wala mwendo mmoja. Watu husema ndege imeingia kwenye shimo la hewa, lakini hewa haina mashimo. Kuna mikondo inayopanda na mingine inayoshuka, na ndege inayotoka kwenye mkondo mmoja kuingia mwingine husukumwa kwa ghafla. Katika mitikisiko ya kawaida kimo hubadilika kwa mita chache tu, ingawa tumbo huapa kwamba zilikuwa mia. Bawa linaloonekana kupepea dirishani nalo limeundwa lipinde, maana chuma au nyuzi zisizopinda ndizo zinazovunjika. Kanuni za kuidhinisha ndege hudai muundo wake uhimili mzigo unaozidi kwa nusu ule mkubwa kabisa unaotarajiwa kazini, na ubaki mzima chini ya mzigo huo kwa angalau sekunde tatu.

Hatari ya kweli ya mtikisiko iko kwa mtu asiyefunga mkanda. Tarehe 21 Mei 2024, ndege ya Singapore Airlines iliyotoka London ilikumbwa na mtikisiko mkali juu ya Myanmar. Abiria mmoja alifariki na makumi ya wengine walijeruhiwa, wengi kwa kurushwa juu wakiwa hawajafunga mikanda, na ndege yenyewe ikatua Bangkok ikiwa nzima. Mkanda uliolegezwa kidogo lakini ukabaki umefungwa safari nzima ni kinga bora kuliko vyote ambavyo abiria anaweza kujifanyia.

Jambo moja ambalo wakazi wa nchi ya joto hawalitarajii ni barafu. Juu ya Ikweta hewa hushuka chini ya nyuzi sifuri kuanzia kimo cha takriban mita 5,000, na ndege za pangaboi huruka hapohapo au juu kidogo, katikati ya mawingu yenye matone ya maji baridi. Barafu ikishika panga, vifaa vya umeme huzipasha moto, na mzunguko huitupa barafu hiyo pembeni, ambako huweza kugonga ukuta wa ndege kwa kishindo kikavu: ko, ko! Watengenezaji wanalijua hilo, na ndiyo maana ukuta ulio mkabala na mapangaboi huongezewa bamba la kuukinga. Kwenye ukingo wa mbele wa bawa kuna mkanda mweusi wa mpira ambao huvimba na kunywea kwa hewa ili kuipasua barafu iliyojishika. Mtu anaweza kuuona ukifanya kazi na kudhani bawa linachanika.

Masikio huanza kuuma ndege inaposhuka, na hapa asili ya milimani ya mtu wa Ngara ina faida na hasara. Kanieneo, yaani nguvu ambayo kwayo hewa hukandamiza kila kitu kilicho ndani yake, hupungua kadiri mtu anavyopanda juu. Ndege hujazwa hewa ili abiria wapumue, lakini haijazwi hadi kiwango cha pwani: jeti nyingi zinapokuwa juu kabisa, chumba cha abiria huwa na hewa sawa na ya mlima wa mita 2,400, na Boeing 787, ambayo Air Tanzania iliipokea mwaka 2018, huishia kwenye mita 1,800 hivi, kimo kinachokaribiana na cha vilima virefu vya Ngara. Uso wa Ziwa Victoria uko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari. Jeti inayotua Mwanza, kwa hiyo, inairudisha kanieneo ya chumba kutoka kilopaskali 75 hadi 88 tu, ilhali inayotua Dar es Salaam inaipeleka hadi 101, karibu mara mbili ya badiliko lile. Mtu aliyetua Mwanza bila kusikia lolote anaweza kushangaa masikio yake yakimtesa kwa mara ya kwanza anapotua Dar es Salaam.

Maumivu hayo hutokana na mrija mwembamba unaounganisha sikio la kati na sehemu ya nyuma ya koo. Ndege ikipanda, hewa iliyomo sikioni hupanuka na kujitokea yenyewe kupitia mrija huo, ikitoa mlio mdogo, pwa! Ikishuka, hewa ya nje huisukuma ngoma ya sikio kwenda ndani, nao mrija hujibana badala ya kufunguka. Kumeza mate, kutafuna, kupiga miayo, au kubana pua na kupuliza taratibu huku mdomo umefungwa husaidia kuufungua. Mtoto mchanga anyonyeshwe wakati wa kushuka, na mtu mzima asilale, kwa kuwa aliyelala humeza mara chache. Mwenye mafua makali afikirie kuahirisha safari au amwone daktari kwanza, maana mrija uliovimba hukataa kufunguka kabisa. Shauri hili linawahusu hasa wagonjwa wanaosafirishwa kwenda hospitali kubwa kama Muhimbili, ambao mara nyingi hufika uwanjani na maradhi mengine juu ya yale yanayowapeleka.

Kutua Bukoba hukusanya sauti nyingi katika dakika chache. Vibao vya nyuma ya mabawa hutolewa ili ndege iweze kuelea kwa mwendo mdogo, na mota zake husikika zikivuma. Magurudumu hushushwa kwa kishindo, na mara moja upepo unaoyapiga huongeza mngurumo. Kisha mapangaboi huongezwa kasi ya mzunguko, sauti ikapanda kwa ghafla, ili nguvu yote iwe tayari endapo rubani ataihitaji. Dirishani hakuna kinachoonekana ila maji yanayozidi kukaribia, mpaka ardhi inapojitokeza chini ya gurudumu. Mgusano wenyewe huwa mzito. Kwenye njia fupi, tena iliyolowa mvua, rubani hataki ndege ielee kwa upole huku mita zikipotea. Anataka magurudumu yaupasue utando wa maji, yashike lami, na yabebe uzito mapema ili breki zipate nguvu. Baada ya hapo panga hugeuzwa pembe yake na kuikinga hewa badala ya kuivuta, mngurumo hujaa ndani ya ndege, na miili husukumwa mbele dhidi ya mikanda. Abiria wengi huhukumu ustadi wa rubani kwa ulaini wa kutua, na katika uwanja wa namna hii hukumu hiyo mara nyingi huwa ya dhuluma.

Wakati mwingine, karibu kabisa na ardhi, injini huunguruma kwa nguvu zote, pua ikainuka, magurudumu yakakunjwa, na uwanja ukabaki chini. Rubani ameghairi kutua, pengine kwa sababu upepo umegeuka, mvua imeficha njia, au kuna kitu barabarani. Tendo hilo liko katika mafunzo ya kila rubani, na ukimya unaofuata kwenye vipaza sauti, ambao ndio unaowaogopesha watu kuliko mngurumo, husababishwa na kazi nyingi zilizoko mbele ya marubani wawili katika dakika hizo. Wataongea na abiria wakishaipandisha ndege, wakaongea na mnara na kuamua kama watajaribu tena au wataelekea Mwanza.

Mashirika ya ndege yangeweza kupunguza sehemu kubwa ya hofu hii kwa gharama ndogo. Maelezo ya usalama husomwa kwa Kiswahili na Kiingereza, nayo husema jinsi ya kufunga mkanda na mahali milango ilipo, lakini hayasemi kwamba muda mfupi baada ya kupaa sauti itashuka, kwamba magurudumu yatapiga kishindo, wala kwamba breki zitakuwa kali kwa kuwa njia ni fupi. Sentensi tatu za Kiswahili rahisi zingetosha, na zingemfikia yule ambaye nyumbani huzungumza Kihangaza, Kishubi au Kisukuma na hajawahi kuonana na mtu wa kumweleza mambo hayo. Baada ya 2022, abiria wa njia hii walistahili kupewa jambo dogo kama hilo bila kuliomba.

Yapo pia mambo ambayo abiria hapaswi kuyanyamazia: harufu ya kitu kinachoungua, moshi unaowasha macho, moto au cheche kwenye injini, mafuta yanayotiririka juu ya bawa, kipande kilicholegea. Marubani hawawezi kuona sehemu kubwa ya ndege yao kutoka walipoketi. Tarehe 8 Januari 1989, Boeing 737 ya British Midland ilipata hitilafu katika injini ya kushoto ilipokuwa ikitoka London kwenda Belfast, na marubani, wakidhani tatizo liko kulia, wakaizima injini nzima na kubaki na mbovu. Baadhi ya abiria na wahudumu walikuwa wameona cheche upande wa kushoto, na nahodha alipotangaza kwamba ya kulia ndiyo iliyokuwa na matatizo, waliosikia tofauti hiyo walishangaa, lakini hakuna aliyeifikisha mbele. Ndege ilianguka karibu na kijiji cha Kegworth, na watu 47 walipoteza maisha. Uchunguzi ulipendekeza mafunzo yatakayoboresha mawasiliano kati ya marubani na wahudumu, ili kinachoonekana na kusikika nyuma kifike mbele kwa wakati. Katika ATR na Q400 zinazopaa kutoka Bukoba, mhudumu ana simu ya ndani inayomuunganisha na chumba cha marubani, na abiria aliyeona jambo hana haja ya kulijua jina lake la kitaalamu: inatosha kumwita mhudumu na kumwambia ni upande gani, ameona nini, na tangu lini.